Kurejesha msitu sio kupanda miti, jamani

Hili neno "kurejesha msitu" linateswa sana. Kila nikilikuta picha ni ileile, watu wameshika miche na makoleo, wanacheka na kamera. Hapo mnapanda miti, sawa. Kurejesha msitu ni kuusaidia msitu ulioharibika urudi kujiendesha wenyewe, yaani mbegu zianguke, zichipue, vichanga vikue vishike nafasi ya wazee. Maana ndo hiyo, haina mengi.

Sasa litazame neno lenyewe. Rejea tumeitoa kwenye Kiarabu, raja'a, kurudi, tukabandika -sha ikawa kufanya kirejee. Anayerejea hapo ni msitu, sio wewe! Wewe unaondoa tu kinachomzuia njiani. Ukiambiwa umrejeshe mtu kwao huendi kutafuta mtu mwingine ukamweka kwenye kile kiti ukasema haya, karudi.

Chukua mialoni, miti ambayo Waingereza huiita oak (ndiyo, ile ya Mamre kwenye Biblia, na kwa Kiebrania mti huo ni alon, kwa hiyo huenda jina halikutoka mbali). Mashariki ya Marekani kuna misitu ya mialoni ambayo ukiingia utaona miti mikubwa imejaa, kijani kila upande, utauliza hapa kunarejeshwa nini tena. Inama. Chini utakuta vimche vya mwaloni vyembamba, majani mawili matatu, vimedumaa kwenye kivuli, na pembeni yake mimepo (maple), ndugu za ule mti wenye jani kwenye bendera ya Kanada, wanarefuka tu kwa sababu wao kivuli hakiwasumbui. Wazee wakifa hakuna mwaloni wa kuwarithi.

Chanzo kikubwa ni kwamba karne ya 20 watu walianza kuzima kila moto wa msituni. Mwaloni mchanga hujenga mzizi kwanza, na vichipukizi vyake vya akiba viko chini ya udongo, kwa hiyo moto mdogo ukipita shina linaungua halafu linachipua upya, wakati yule jirani yake, mmepo mwenye gamba jembamba, anapata tabu zaidi. Moto ulipokoma mambo yakageuka, kivuli kikazidi, majani yaliyoanguka yakakaa na unyevu, na msitu ukawa mgumu hata kushika moto. Mwaka 2008 watafiti Nowacki na Abrams wakaupa mzunguko huo wa kivuli na unyevu jina, mesofikesheni.

Kwa hiyo watafiti wanafanyaje? Wanakata baadhi ya miti mikubwa mwanga ushuke, wanasubiri miaka kadhaa mizizi ya vimche inenepe, halafu wanachoma kwa makusudi, moto wa chini wenye mipaka. Penye kulungu wengi wa kule (deer) wanaokula vichipukizi wanazungushia uzio. Msumeno na kiberiti, na hakuna mche hata mmoja uliopandwa, na hiyo ndo kurejesha kwenyewe, ingawa ukiipiga picha watu watakuitia polisi.

Sisemi kupanda hakuna kazi. Pale ambapo mialoni mama imeisha kabisa na mbegu hazina pa kutokea, utapanda tu, hiyo inakuwa hatua ya kwanza. Ila siku ya kupanda andikeni "tumepanda miche", inatosha na ni kazi nzuri, hilo neno lingine liwekeni mpaka mtakapokuta kimche ambacho hakuna aliyekipanda.