"Ya Kale ni Dhahabu": Dhana Potofu kuhusu Kadi za Besiboli

Ndugu yangu anayeishi Ohio alihamia nyumba ya zamani, na darini akakuta sanduku la viatu limejaa kadi za besiboli, zile ndogo zenye picha za wachezaji. Usiku uleule akanitumia picha: "Kaka, nimetoboa?" Nikamwomba ageuze kadi moja asome maandishi madogo ya nyuma, pale panapochapwa mwaka. 1990. Ya pili, 1989. Ya tatu, 1991. Ilinibidi nimwambie ukweli: sanduku zima halikuzidi sana gharama ya kulituma kwa posta.

Aliumia, na ninamwelewa. Watu husikia bei za minada ya Marekani, kisha wanaamini kila kadi kuukuu ni shamba.

"Kadi ikiwa ya zamani, ni mali"

Umri peke yake haulipi. Kinacholipa ni idadi ya kadi zilizosalia ikipimwa na idadi ya watu wanaozitaka. Watoto wa miaka ya 1950 walizikuta kadi ndani ya pakiti za chingamu. Walizichezea, wakazifunga kwa raba bendi, wakazibana kwenye spoku za baiskeli zilie kama pikipiki. Walipokua na kuondoka nyumbani, mama zao walisafisha chumba na kadi zikaenda jalalani. Kadi za kabla ya hapo zilipitia kipindi cha Vita vya Pili vya Dunia, ambapo karatasi zilikusanywa nyumba kwa nyumba kwa mahitaji ya vita. Hakuna aliyekuwa akitunza mali. Kadi safi ya enzi hizo ni chache kwa sababu ilitumika kama kitu cha kuchezea, na kilichotumika huchakaa.

Miaka ya 1980 mambo yakageuka. Habari za bei zilienea, kila mzazi akaanza kuhifadhi, na viwanda vikachapa kwa wingi usio na kifani, hasa kati ya 1987 na 1993 hivi. Kadi mashuhuri kuliko zote za kipindi hicho ni ya mchezaji Ken Griffey Jr., namba 1 katika toleo la kampuni ya Upper Deck la 1989. Inapendwa kweli, lakini makumi ya maelfu ya nakala zake yamekwishapitia kwa wapimaji wa ubora, yaani kampuni zinazoipa kadi daraja hadi 10 na kuifunga kwenye kasha. Kitu kilichotunzwa na kila mtu hakiwezi kuadimika. Sanduku la ndugu yangu lilitoka humo.

"Kadi ya Mickey Mantle ya 1952 ndiyo yake ya kwanza, na ndiyo adimu kuliko zote"

Hapa hata wauzaji huteleza. Kadi ya kwanza ya Mantle, nyota wa timu ya New York Yankees, ilitolewa na kampuni ya Bowman mwaka 1951. Ile ya 1952 ni ya Topps, kampuni ya Brooklyn iliyotengeneza chingamu ya Bazooka. Toleo hilo lilikuwa na kadi 407, na Mantle ni namba 311, mwanzo wa fungu la mwisho lililofika madukani msimu ukiwa unaisha, watoto wameshageukia mambo mengine. Mabaki hayakuuzika. Sy Berger, aliyelibuni toleo lile, alisimulia mwenyewe kwamba baadaye alipakia makasha ya mabaki hayo kwenye tishari na kuyamwaga baharini.

Lakini sikiliza hili. Katika fungu hilo, namba 311, 312 na 313 zilichapwa mara mbili kwenye karatasi kubwa ya kiwandani. Kwa hiyo Mantle ni rahisi kupatikana kuliko wachezaji wengi wasiojulikana wanaomfuata kwa namba. Mwenye namba 312 ni Jackie Robinson, aliyevunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947. Agosti 2022 Mantle mmoja wa 1952, mwenye daraja la 9.5 kati ya 10, aliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Kilichonunuliwa pale ni jina la Mantle na pembe nne zilizobaki kali kwa miaka 70.

"Ikiwa chafu, isafishe kwanza"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana nimelifanya. Nilikuwa na kadi ya 1959 ya mchezaji wa kawaida tu. Mtoto fulani wa zamani alikuwa amechora mstari wa penseli shavuni mwa picha. Nikachukua kifutio, nikafuta taratibu. Penseli ilitoka, na mng'ao wa karatasi ukatoka nayo. Ukiinamisha kadi ile dirishani, mwanga unateleza vizuri kila mahali isipokuwa pale shavuni, ambapo pana doa lililofifia kama ukungu kwenye kioo. Kadi yenye mstari wa penseli ni kadi iliyotumika. Yangu sasa imechakachuliwa, na kwa wakusanyaji hilo ni daraja baya kuliko uchafu.

Usifute, usipige pasi mikunjo, usikate kingo. Iweke kwenye mfuko laini wa plastiki, kisha kwenye kasha gumu, mbali na jua na unyevu. Mtu wa pwani aangalie unyevu hasa.

"Ikishafungwa kwenye kasha la wapimaji, haina shaka"

Wapimaji husaidia sana, ila si mahakama ya mwisho. Mfano mkubwa kuliko yote ni kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa timu ya Pittsburgh Pirates, iliyotoka kwenye pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Uchapaji wake ulisimamishwa mapema, na zinazojulikana leo ni takriban 60. Husemwa kwamba Wagner alikataa kadi yake itolewe kwa sababu alichukia tumbaku. Mwenyewe alikuwa akitafuna tumbaku, hivyo maelezo hayo mepesi hayatoshi.

Wagner mmoja, msafi ajabu, alinunuliwa mwaka 1991 kwa dola 451,000 na nyota wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake Bruce McNall. Kampuni ya wapimaji ya PSA iliipa kadi hiyo daraja la 8, na ikawa ya kwanza kabisa kupimwa nayo. Kwa miaka mingi watu wa sokoni walinong'ona kwamba kingo zile zimenyooka mno. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada Bill Mastro, katika kesi yake ya udanganyifu, alikiri kwamba alikuwa ameikata kando kabla ya kuiuza. Mkasi ulikuwa umepita, na kasha halikuona.

Kuhusu nakala za kisasa, chukua rula. Topps ya 1952 ni takriban milimita 67 kwa 95. Mwaka 1983 kampuni ileile ilitoa nakala za toleo hilo kwa kipimo kidogo zaidi, takriban 64 kwa 89, na bado wapo wanaoziuza kama za kwanza. Chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno (ultraviolet), karatasi mpya kwa kawaida hung'aa rangi ya samawati, ya zamani hubaki imepooza.

"Ni mchezo wa matajiri"

Si lazima. Namba T206, jina la toleo lenye kadi ya Wagner linalotajwa kila kadi hiyo inapouzwa, haikutoka kiwandani. Ilitungwa na Jefferson Burdick, fundi wa kiwanda huko Syracuse, New York, aliyeziorodhesha kadi za Marekani kwa herufi na namba, T ikiwa ya tumbaku. Mikono yake iliharibiwa na ugonjwa wa viungo. Hata hivyo alikusanya zaidi ya vipande 300,000, takriban 30,000 vikiwa vya besiboli, akavikabidhi vyote bure kwa jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York. Alikwenda pale miaka na miaka kuvipanga kwenye albamu, akamaliza Januari 1963, na mwezi Machi akafariki. Wagner wake yumo humo. Burdick alimbandika kwa gundi.