Mshindilio wa asilimia 104 si lazima uwe namba za kupika

Ripoti ikionyesha kifusi cha changarawe kimeshindiliwa kwa asilimia 104, wengi husema maabara imepika namba, kwa kuwa 100 ndiyo mwisho. Sivyo. Hiyo 100 ni densiti kavu ya juu (uzito bila maji kwa kila ujazo) iliyopatikana maabara kwa nguvu maalumu tu: katika jaribio la kawaida la Proctor, la kushindilia sampuli ndani ya chombo, nyundo ya kilo 2.5 ikidondoka sentimita 30.5. Rola zito la mtetemo kwenye eneo la kazi laweza kuipita densiti hiyo. Tena mawe makubwa, mara nyingi yanayozidi milimita 19, huchekechwa na kutolewa kabla ya jaribio, ilhali kule kwenye kifusi yamo na yanaongeza uzito. Mimi ningeuliza kwanza: je, hesabu ilirekebishwa kwa ajili ya mawe hayo? Sampuli ya maabara ilitoka machimbo yaleyale? Bila majibu hayo, hata 97 siiamini.