Leseni ya mwaka mmoja na stori ambayo hukuisoma

Mimi ni mwanasheria wa habari, yaani jioni gazeti likikaribia kwenda mtamboni mhariri ananitumia stori zenye utata nisome nimwambie kama hii itatupeleka mahakamani au haitupeleki. Nimeifanya hii kazi hapa Dar kwa vyombo tofauti, miaka sio michache. Watu wakisikia uhuru wa habari wanawaza gazeti limefungiwa au mwandishi kakamatwa, na hayo yapo na yanauma sana, ila leo nataka kuongelea kitu ambacho msomaji hakioni kabisa kwasababu hakuna anayekitangaza, stori imeandikwa, ina ushahidi, imekamilika, halafu haitoki.

Inabidi nianze na sheria kidogo, mnivumilie. Chini ya Sheria ya Magazeti ya 1976 gazeti lilikuwa linasajiliwa, ukishasajiliwa basi. Sisemi ilikuwa sheria nzuri, gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa kwa sheria hiyohiyo Julai 2012, tena bila kuambiwa mwisho lini. Ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ikaondoa usajili ikaweka leseni, na leseni unaihuisha kila mwaka, ndo maana 2017 magazeti yote yakaambiwa yaombe upya hata yale yaliyokuwa mezani kwa muuza magazeti tangu sisi tuko shule. Kuna watu huwa wananiuliza, sasa dada tatizo liko wapi, mbona hata mwenye duka Kariakoo anakata leseni? Tatizo ni kwamba mwenye duka akiuza sukari haimkeri yule anayempa leseni. Gazeti likifanya kazi yake sawasawa lazima litamkera mtu fulani serikalini, na ofisi inayotoa leseni ni ya serikali hiyohiyo.

Mwaka huo wa 2017 ulikuwa mgumu jamani. Juni gazeti la Mawio lilifungiwa miezi 24, Septemba MwanaHalisi tena miezi 24, mwezi huohuo Raia Mwema siku 90, Oktoba Tanzania Daima siku 90, halafu Novemba Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa anaripoti mauaji ya kule Kibiti, akatoweka na hajaonekana mpaka leo. Februari 2019 The Citizen nalo likafungiwa siku 7 kwa stori ya thamani ya shilingi kushuka. Kila gazeti moja likifungiwa, mengine yote yanajifunza, na hapo ndo kazi yangu ilipobadilika bila mtu yeyote kuniambia imebadilika.

Kuna kijana mmoja, ripota wa kujitegemea, aliniletea stori ya mradi wa maji kwenye halmashauri moja, hela imelipwa karibu yote na bomba hazijafika, akina mama bado wanabeba madumu. Kijana alikuwa na kila kitu, hati za malipo, picha za eneo, na alishampigia mkurugenzi na mkandarasi akaandika walichomjibu. Nikaisoma mara mbili nikabadilisha maneno matatu tu, nikamwandikia mhariri kwamba kisheria hii imekaa vizuri, hata wakitushtaki tunajitetea. Akanipigia simu. Hakuuliza chochote kuhusu ile stori, aliniuliza, "Wakili, leseni yetu inaisha lini?" Ilikuwa imebaki kama miezi miwili.

Kesho yake nikanunua gazeti pale Mwenge nikakuta ukurasa wa ndani kabisa aya nne, wananchi waiomba serikali kuharakisha mradi wa maji, basi. Hela haimo, hati hazimo. Na yule kijana analipwa kwa stori iliyotoka tu, kwahiyo kalipwa za hizo aya nne, baada ya wiki tatu za kwenda na kurudi kwa nauli yake mwenyewe. Sasa hapo utasema nani kaminya habari? Hakuna waziri aliyepiga simu, hakuna polisi aliyekuja, wala simlaumu sana yule mhariri maana nyuma yake kuna watu zaidi ya hamsini wenye watoto shule. Sheria ilifanya kazi yake bila kutumika.

Nasema hivi kwasababu kuna wanaodhani uhuru wa habari ni haki ya waandishi, kama vile posho yao. Someni Ibara ya 18 ya Katiba yetu, inasema kila mtu ana haki ya kutafuta na kupokea habari, na inaenda mbali zaidi, ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Kila mtu! Ile stori ilikuwa ya wale akina mama wa madumu, wakaenda kumpigia kura diwani wao bila kujua hela ya bomba imeenda wapi. Mkumbuke ile ishu ya Escrow 2014, zile hela za mgogoro wa umeme zilizochotwa kwenye akaunti Benki Kuu, magazeti yaliandika, wabunge wakaibeba, kamati ya hesabu za serikali ikachimba, Desemba mwanasheria mkuu akajiuzulu na waziri mmoja akaondolewa. Mbunge hawezi kuuliza kitu ambacho hajakisikia, na mwananchi wa Mbagala hawezi kukaa na ripoti ya CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, yenye mamia ya kurasa, lazima awepo mtu anayelipwa kuisoma kwa niaba yake na asiyeogopa kuandika alichokikuta. Asipokuwepo, uvumi unachukua nafasi yake, na sisi wa Dar tuliuona Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi ikakaa hivyo siku kadhaa, kila mtu ana lake alilosikia kwa jirani na huna pa kuhakikisha.

Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ilishasema. Juni 2018 ilisema kulifungia gazeti la Mseto ilikuwa makosa, halafu tarehe 28 Machi 2019, kwenye kesi iliyofunguliwa na Baraza la Habari na wenzake, ikasema vifungu vingi vya sheria ya 2016 vinakiuka mkataba wa Jumuiya, kikiwemo cha 59 kinachompa waziri nguvu ya kuzuia habari. 2023 sheria ikafanyiwa marekebisho na kuna mazuri yalipatikana, kashfa sio jinai tena kwenye sheria hiyo, nalipongeza. Ila leseni imebaki. Hata ile Februari 2022 waziri aliporudisha leseni za MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima wote tulifurahi, mimi nilifurahi kwa dhati, lakini usiku nikawa nawaza, kama mtu mmoja anaweza kukurudishia basi mwingine atakayekaa kwenye kiti hicho anaweza kukunyang'anya, na gazeti lililokaa nje miaka minne mitano wasomaji na watangazaji wake walishahama. Mimi nataka turudi kwenye usajili wa mara moja, na anayeona gazeti limekosea aende mahakamani akathibitishe huko kabla gazeti halijaadhibiwa.

Zile hati za mradi wa maji nilizitunza kwenye droo ofisini. Wiki iliyopita yule kijana kanipigia, "dada, bado unazo?", kuna chombo kingine kimemwambia alete. Nimemwambia mdogo wangu njoo Jumatatu asubuhi, uje na stori yenyewe niisome tena, na hela yangu usiwaze.