Si kweli kwamba mtoto haelewi vita

"Mtoto huyo, haelewi. Atasahau." Maneno haya husemwa kila penye vita, na wanaoyasema hawana nia mbaya, wanajipa moyo tu. Lakini si kweli.

Mwaka 1941, London ikiwa imeshambuliwa kwa miezi na ndege za Ujerumani, Anna Freud na Dorothy Burlingham, wataalamu wa saikolojia ya watoto, walifungua vituo vya kulelea watoto huko Hampstead, mtaa wa jiji hilo. Waliona jambo ambalo wengi hawakulitarajia: mtoto aliyesikia mabomu huku mama yake yuko ubavuni alihimili vizuri kuliko yule aliyepelekwa mashambani, kwenye usalama, bila mama. Kumbe kilichowaumiza zaidi wadogo hawa ni kutenganishwa, kuliko hata mabomu yenyewe.

Kulikuwa na mvulana wa miaka minne aliyefiwa na baba katika mashambulizi hayo. Akijenga nyumba za karatasi, kisha akiziangushia gololi. Hizo ndizo bomu zake. Katika mchezo wake watu wote waliokolewa, na kila nyumba ilijengwa upya. Ungemtazama kwa mbali ungesema huyu hana habari, anacheza tu. Ndipo tunapokosea, na ndipo tunapoanza kumwambia mtoto kwamba baba "kasafiri," tukidhani tunamlinda. Yeye habari alikuwa nayo, ila hakuwa na pa kuiweka. Alirudia mchezo ule miezi mingi, mpaka siku aliposema kwa kinywa chake kwamba baba ameuawa na hatarudi. Ndipo akaacha kuurudia.