Kuku watano, mtoto mmoja: maswali na majibu kuhusu yai, kutoka kiotani hadi mdomoni

Hapa Pemba, kuanzia Micheweni hadi Kengeja, ni nadra kukuta ua usio na kuku hata wawili watatu. Hata hivyo, mtoto wa miezi kumi wa nyumba hiyohiyo anaweza kumaliza mwezi bila kuonja yai. Lililotagwa limeuzwa, limelaliwa, au limeingia kwenye mkate wa kumimina wa mgeni. Maswali yaliyomo hapa yanahusu safari hiyo fupi ya yai, na mahali linapopotelea.

Mtoto aanze yai akiwa na umri gani?

Akitimiza miezi 6. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapewi. Zamani mama aliambiwa angoje mpaka mwaka kwa kuogopa mzio. Ushauri huo umeachwa, kwa sababu kuchelewesha yai hakumkingi mtoto na mzio.

Siku ya kwanza mpe robo ya kijiko cha chai ya yai lililochemshwa likaiva kabisa, ulipondeponde kwa maziwa yako mwenyewe uliyokamua. Mpe asubuhi, si usiku, ili uwe macho ukimwangalia kwa saa mbili zinazofuata. Usimjaribishe akiwa na homa au anaharisha, hutajua kilichomsumbua ni kipi. Akiwa salama, ongeza kidogokidogo siku zinazofuata hadi nusu yai, kisha yai zima. Akitoka vipele mwilini, akavimba midomo au akatapika mara kwa mara, acha yai na umpeleke kituo cha afya. Akipumua kwa shida, kimbia naye saa hiyohiyo. Mtoto mwenye ukurutu mkali wa ngozi aonwe kwanza na mhudumu wa afya kabla ya kuonjeshwa.

Yai la kuku wetu wa kienyeji ni dogo. Linatosha nini?

Ni dogo kweli, gramu 40 hadi 45 na ganda lake, lakini ndani yake mna takriban gramu 5 za protini. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji gramu 11 hivi kwa siku, basi yai moja limefika karibu nusu ya njia. Kiini kina vitamini A, B12 na kirutubisho kiitwacho kolini, kinachohitajika ubongo unapojengeka. Ute, ukiondoa maji, karibu wote ni protini. Kwa hiyo mtoto apewe vyote viwili. Ile desturi ya kumpa kiini na ute ukaliwa na mkubwa inampunja.

Madini ya chuma ndiyo upungufu wake. Yai hilo lina chini ya miligramu moja, na mtoto wa umri huo anahitaji kama 11, tena chuma cha yai hakifyonzwi vizuri tumboni. Dagaa, maini na nyama vinabaki na kazi yao. Chai nayo isikae kwenye mlo wa mtoto hata kidogo, huzuia hicho chuma kichache kisiingie mwilini.

Ni kweli yai moja kwa siku huondoa udumavu?

Kuna utafiti uliofanyika Ecuador, ukachapishwa mwaka 2017. Watoto walioanza wakiwa na miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, na udumavu ukapungua kwa karibu nusu ukilinganisha na wenzao wasiopewa. Habari ikaenea haraka. Baadaye jambo lilelile likajaribiwa Malawi, na urefu wa watoto haukuonyesha tofauti ya maana. Sababu moja inayotajwa ni kwamba watoto wengi wa huko, karibu na ziwa, walikuwa tayari wanakula samaki.

Pemba tunapaswa kuusoma utafiti wa Malawi kwa makini zaidi kuliko ule wa Ecuador, maana sisi pia ni watu wa samaki. Swali la kujiuliza ni je, samaki anamfikia mtoto? Mara nyingi mtoto humiminiwa mchuzi juu ya wali na minofu ikabaki kwa wenye meno. Katika nyumba hiyo yai litafanya kazi kubwa. Palipo na samaki aliyechambuliwa miba na kupondwa kwenye sahani ya mtoto kila siku, yai ni nyongeza nzuri, si dawa.

Bibi yake anasema mtoto akila yai atachelewa kusema. Tumjibu nini?

Mjibuni kwa adabu, kwa sababu yeye ndiye anayemlisha mtoto wakati mama yuko shamba au pwani kwenye mwani. Hakuna ushahidi kwamba yai huchelewesha maneno. Wala yai halimfanyi mtoto kuwa mwizi, wala mjamzito akila hazai mtoto asiye na nywele. Yawezekana miiko hii ilikuwa njia ya kulinda mayai yasiliwe kabla hayajawa kuku. Anayetaka kumvuta bibi upande wake aende naye kliniki siku ya mizani, na maelezo yatoke kwa muuguzi. Kusahihishwa na mkwe mbele ya watu kuna mambo yake.

Nina matetea watano. Kwa nini sipati mayai ya kutosha?

Tupige hesabu. Kuku wa kienyeji anayeachwa afuate mwendo wake hutaga mayai kama 12 kwa wiki mbili hadi tatu, hulalia siku 21, kisha hulea vifaranga miezi miwili au mitatu. Mzunguko mmoja ni karibu miezi minne, basi kwa mwaka hutaga mara tatu, mayai 36. Kwa matetea watano ni mayai 180. Ukiwaachia walalie nusu yake, wewe unabakiwa na 90, yaani hata mawili kwa wiki hayafiki.

Kinachokula mayai hapo ni muda wa kulalia na kulea, na huo unaweza kuupunguza. Wasilalie wote, chagua wawili walezi wazuri. Tetea mwingine akianza kung'ang'ania kiota na kutuna manyoya, mtie kwenye tenga lenye matundu chini, lining'inie mahali pa kivuli penye upepo, bila majani ndani, kwa siku tatu hadi nne. Maji na chakula apate. Upepo unaompita tumboni unamtoa hamu ya kulalia, na baada ya wiki chache anarudi kutaga. Wale walezi wawili nao, vifaranga wakifika wiki tatu au nne watenge na mama yao wawekwe mahali pa joto pasipofikika na kunguru, naye ataanza kutaga mapema.

Kwa mpango huo tetea mmoja anaweza kufika mitago mitano kwa mwaka, mayai 60. Watano ni 300. Toa 48 ya kutotolesha, yaani mitago minne, yanabaki 252, ambayo ni manne hadi matano kwa wiki, bila kuongeza kuku hata mmoja.

Kabla ya yote hayo, hakikisha huibiwi na kuku mwenyewe. Tetea wengi hutaga asubuhi. Wafungie bandani hadi saa nne, utashangaa mayai uliyokuwa ukiyaacha vichakani. Kiota kiwe cha sentimita 30 kila upande, hata pakacha lililotandikwa usumba au majani makavu linafaa, mahali penye giza kidogo, kimoja kwa kuku wanne au watano. Okota kila siku na acha yai moja la kudanganyia, ama sivyo watahama. Kila yai unaloliokota liandike tarehe kwa penseli. Ya mwanzo wa mtago ndiyo ya kula. Ya mwisho, yasiyozidi siku saba hadi kumi, ndiyo ya kulaliwa.

Na kuku wa kisasa wa mayai?

Hutaga 250 au zaidi kwa mwaka, lakini kila mmoja anataka gramu 110 hadi 120 za chakula kamili kila siku. Watano watakula kilo 17 hivi kwa mwezi, na wakikosa chakula wiki moja mayai husimama. Asiye na uhakika wa fedha hiyo asianzie hapo.

Kuku wa kienyeji tumwongeze chakula gani?

Konzi moja kwa kila kuku jioni, kama gramu 40, juu ya anachookota mwenyewe. Changanya makopo matatu ya pumba laini za mpunga au chenga za mchele, kopo moja la chicha za nazi zilizokauka, na nusu kopo ya dagaa waliotwangwa. Pumba laini ni ule unga unaobaki mpunga ukikobolewa. Makapi magumu yanayowasha mkono hayana kitu ndani yake.

Watu huharibu mchanganyiko huu kwa njia mbili. Kwanza chicha: zikiachwa mbichi hadi kesho yake huchacha, na zikiota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu inayodhoofisha kuku na kukata mayai. Zianike juani siku ileile nazi ilipokunwa. Pili dagaa: wa kwetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Chumvi ikizidi kuku hunywa maji bila kukoma, huharisha majimaji na kufa, vifaranga wakitangulia. Waroweke dagaa kwenye maji baridi, uyamwage, uwaoshe tena, uwakaushe, ndipo utwange.

Magamba ya kombe au chaza yaoshwe kwa maji baridi, yakaushwe, yapondwe kufikia ukubwa wa punje ya mchele na kuwekwa kwenye kifuu pembeni, kila kuku ajilie kwa haja yake. Kuku asiyepata chokaa hutaga mayai ya ganda laini, nayo yakipasuka kiotani wenzake huyaonja na kujifunza kula mayai. Tabia hiyo ikishaingia kuitoa ni kazi. Wakati wa kaskazi, joto likizidi, kuku hula kidogo na ganda huwa jembamba: ongeza maji safi na kivuli.

Mdondo ukiingia kuku wote wanakwisha. Kinga yake?

Mdondo, au kideri, hauna dawa. Kuku huharisha kijani, hupumua kwa shida, hupinda shingo, na banda zima huweza kwisha kwa siku chache. Kinga ni chanjo ya matone ya macho. Ile inayostahimili joto, iitwayo I-2, inafaa vijijini ambako hakuna friji, ingawa nayo haitakiwi kuachwa juani. Tone moja, jicho moja, kwa kuku wa kila umri, kisha urudie kila baada ya miezi mitatu. Mshike kichwa mpaka tone lizame. Akilitikisa nje hajachanjwa. Chanjo huchukua wiki moja hadi mbili kujenga kinga, basi kumchanja aliyeanza kuumwa ni kupoteza dozi. Majirani mkubaliane siku moja na afisa mifugo, maana kuku hawajui mpaka wa shehia. Kuku mgeni yeyote kutoka sokoni atengwe siku 14. Mzoga uzikwe kwa kina au uchomwe, usitupwe jaani.

Mtoto anatambaa uani na kuku wapo. Kuna ubaya?

Upo, na hapa ndipo faida yote ya yai inapoweza kupotea. Mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni, na kinyesi cha kuku hubeba vijidudu kama kampilobakta na salmonela. Si lazima aharishe ndipo adhurike. Kumeza vijidudu hivyo kila siku huchubua utumbo taratibu, chakula kinapita bila kufyonzwa vizuri, na mtoto hakui ipasavyo ingawa anakula.

Kuku wasilale chumba wanacholala watu. Wengi huwaingiza ndani kwa kuogopa wezi na ngawa. Badala yake jenga banda lililoegemea ukuta wa nyumba, sakafu ya fito iliyoinuliwa mita moja ili kinyesi kidondoke chini, na mlango wenye kufuli. Kinyesi kisombwe kila siku kipelekwe kwenye shimo la mbolea mbali na kisima. Mahali anapochezea mtoto pazungushiwe ua wa makuti ambao kuku hawauruki. Mkeka peke yake hauzuii kitu. Aliyeokota mayai anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Tumpikieje?

Maji yakishachemka, dakika 10. Kiini chenye majimaji ni kitamu kwa mkubwa, kwa mtoto mdogo ni hatari ya salmonela. Njia inayokubalika na watoto wengi: ponda kipande cha boga lililoiva pamoja na vijiko vitatu vya ubwabwa laini, tia kijiko cha tui la nazi, kisha yai lililopondwa mpaka lipotee rangi. Anayependa uji alipige yai kwenye kikombe na kulimimina kwenye uji unaochemka huku akikoroga, aache motoni dakika tano. Kulitia kwenye uji uliokwisha ipuliwa halitaiva.

Si bora tuuze mayai tununue chakula kingine?

Inategemea fedha hiyo inanunua nini. Ikinunua dagaa na maharage, sawa. Kwa kawaida hununua sukari na biskuti. Njia iliyo rahisi ni kufunga kitambaa chekundu mguuni mwa matetea wawili au watatu: mayai yao ni ya mtoto, hayauzwi hata Ramadhani bei ikipanda. Ya waliobaki uza upendavyo. Jambo hili likubaliwe na baba pia, kwani yai lisilo na mwenyewe huliwa na aliyewahi.

Kuku aliyepewa dawa, yai lake linaliwa?

Si mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti ya dawa. Siku hizo mayai yafukiwe, yasiuzwe.

Nitajuaje yai limeharibika?

Litie kwenye bakuli la maji. Likilala chini ni jipya, likisimama ni la zamani lakini huweza kuliwa likipikwa sana na watu wazima, likielea litupe. Yaliyochafuka yafute kwa kitambaa kikavu. Usiyaoshe kabla ya kuyaweka, maji huondoa utando unaoziba vitundu vya ganda na uchafu ukaingia ndani. Lenye ufa lipikwe siku hiyohiyo, na mtoto asipewe.