Katheta ya nje kwa wanaume: pima kwanza, nunua baadaye

Maswali haya huulizwa sana na wake na watoto wanaomuuguza mzee nyumbani, iwe Arua au Kampala.

Katheta ya nje ni kitu gani?
Ni kifuko laini cha mpira au silikoni kinachovalishwa uume kama kondomu. Kwenye ncha kina mrija unaopeleka mkojo kwenye mfuko uliofungwa mguuni. Haiingii mwilini, ndiyo maana hatari ya maambukizi ni ndogo kuliko ya mpira unaopenyezwa hadi kibofuni.

Inamfaa kila anayevuja mkojo?
Hapana, na hapa naomba muwe makini. Inamfaa yule ambaye kibofu chake kinajimwaga chenyewe ila hawezi kuzuia, kwa mfano baada ya kiharusi. Lakini mkojo unaodondoka matone matone unaweza kuwa unafurika kutoka kwenye kibofu kilichojaa pomoni, hasa kwa mzee mwenye tezi dume iliyovimba. Huyo ukimvalisha katheta ya nje hujamsaidia. Muuguzi akague kibofu kwanza. Mkojo ukigoma kabisa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Nitajuaje saizi ya baba?
Uume ukiwa umelala, zungushia uzi sehemu iliyo nene zaidi ya shina lake, bila kukaza. Tia alama, unyooshe uzi kwenye rula, kisha gawanya kwa 3.14. Uzi ukiwa milimita 91, kipenyo ni 29, na hiyo ni saizi inayouzwa. Nyingine za kawaida ni 25, 32, 36 na 41, kutegemea mtengenezaji. Ikibana, damu haipiti vizuri na uume unavimba. Ikipwaya, kitanda kinalowa. Wanaume wengi huona haya kuambiwa saizi ndogo, basi familia hununua kubwa ili kumstahi mzee. Msifanye hivyo, anayeumia ni yeye.

Mpira ukimletea muwasho, chukua silikoni. Nyingi zinaonyesha hadi ndani, kwa hiyo ngozi unaiona bila kuivua.

Inavalishwaje?
Osha kwa sabuni na maji, kausha kabisa. Usipake mafuta wala poda, gundi haitashika. Nywele zikatwe kwa mkasi, si kwa wembe. Asiyetahiriwa, govi libaki mahali pake. Acha nafasi ya sentimita 1 hadi 2 mbele ya ncha ya uume, kunjua taratibu, kisha ishike kwa kiganja sekunde 15. Usizungushie plasta, uzi wala raba hata kidogo. Badilisha kila baada ya saa 24.

Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu na umwagwe ukifika nusu.

Baba anaswali. Itakuwaje?
Mwenye udhuru wa mkojo usiozuilika hutawadha upya kila wakati wa swala unapoingia. Kuhusu mfuko wenyewe, muulizeni sheikh wenu. Kanzu pana inausitiri vizuri. Inaniuma kuona wazee wakiacha msikiti kwa aibu ya jambo lenye njia.

Tuivue haraka lini?
Uume ukivimba, ukibadilika rangi au ngozi ikichubuka. Mfuko ukibaki mtupu, angalia kama mrija umejikunja. Ivue kwa maji ya uvuguvugu, usiivute kwa nguvu. Akipata homa au mkojo ukiwa na damu, nendeni kituo cha afya.