Faiba imefika nyumbani, mbona spidi haionekani?

Ukifungiwa faiba (intaneti inayosafiri kama mwanga ndani ya uzi wa kioo) Dodoma, iwe Kisasa au Ilazo, fundi hajafika hata getini tayari umeshapima spidi kwenye simu. Hapo ndipo malalamiko huanza, na mengi huelekezwa kusikohusika.

"Nimelipia 40, napata 5. Nimeibiwa." Hujaibiwa. Kifurushi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps), ila kompyuta inapopakua faili huonyesha megabaiti (MB). Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo 40 ukigawa kwa 8 ni 5. Faili la GB 1 likishuka kwa dakika tatu na ushee, umepata ulicholipia.

"Spidi ninayoipata chumbani ndiyo spidi ya faiba." Dhana hii ndiyo inayowagombanisha watu na mafundi kuliko nyingine zote. Faiba inaishia kwenye ruta, kile kiboksi kinachorusha waifai. Kuanzia hapo ni waifai, yaani mawimbi ya redio, na mawimbi hayapatani na kuta za tofali za saruji. Masafa ya 2.4 GHz, moja ya bendi mbili zinazotumiwa sana na waifai, hupenya ukuta vizuri zaidi lakini yana msongamano: chaneli (njia za mawimbi) zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na majirani wote wanazigombania. Ya 5 GHz yana kasi kubwa, ila kuta mbili zinatosha kuyachosha. Sasa angalia ruta nyingi zilipo: nyuma ya runinga, ndani ya kabati, pembeni kabisa mwa sebule kwa kuwa ndiko waya ulikoingilia. Mwambie fundi kabla hajatoboa ukuta kwamba unaitaka koridoni, juu, mahali pa wazi. Hiyo ni haki yako kabisa.

Ukitaka ukweli, chomeka kompyuta mpakato kwenye ruta kwa waya wa mtandao, zima vifaa vingine, ndipo upime. Waya wenyewe nao ukague. Una nyuzi nane ndani. Zikishika nne tu, spidi hugota kwenye Mbps 94 au 95 hata kama kifurushi ni cha 200. Ukiona namba hizo zinajirudia, anza kwa kubadilisha waya.

"Faiba ni yangu peke yangu." Hapana. Katika mfumo wa GPON unaotumika sana majumbani, uzi mmoja hubeba takriban Gbps (gigabiti kwa sekunde) 2.5 za kushusha, kisha hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Kwa hiyo pima asubuhi, upime tena saa mbili usiku. Ikiwa kwa waya inaporomoka kila usiku, hapo una hoja, na kampuni inapaswa kukujibu.

"Nikiongeza Mbps, kila kitu kitafunguka papo hapo." Mwanga ndani ya kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde chache. Seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) iliyoko Ulaya hufikiwa kwa kebo za baharini kama SEACOM na EASSy, na safari hiyo huzidi milisekunde 100. Kifurushi kikubwa hakifupishi bahari. Unapopima laini yako, chagua seva ya Dar.

Wapo pia wanaodhani umeme ukikatika faiba itaendelea kama simu za zamani za mezani. Kioo hakibebi umeme; ruta inahitaji betri yake.

Na ile taa ya LOS (ya kupotea kwa mawimbi ya mwanga) kwenye ruta ikiwaka nyekundu, kuzima na kuwasha ruta kwa kawaida hakusaidii: mwanga haufiki. Tazama kama kebo imekunjwa kwa nguvu nyuma ya kochi, inyooshe taratibu, kisha mpigie fundi. Usiichomoe ukachungulia ncha yake. Ile ni leza, na jicho haliioni.